Stelingi akifa, hapo ndipo mimi huanza kutazama

Kabla sijajua hesabu ya kugawanya, nilijua sheria moja: stelingi hafi. Apigwe risasi, atupwe kutoka ghorofa ya kumi, achomewe ndani ya gari, wewe tulia tu. Atatokea moshini akijipangusa vumbi kwenye koti, na kibanda chote kitapiga kelele hadi mabati yatetemeke.

Kibanda chenyewe kilikuwa hapa kwetu Soweto West, Kibera, karibu na mama mmoja aliyekuwa akiuza mandazi na chai ya rangi. Mabenchi sita, pazia la gunia mlangoni, runinga ya zamani yenye mgongo mnene, na stima ya sambaza iliyopenda kukatika wakati ule hasa stelingi anaenda kulipiza kisasi. Mtoto alilipa shilingi tano, mtu mzima kumi, mechi ya Arsenal ishirini. Sauti iliyotawala mle ndani ilikuwa ya DJ Afro, yule jamaa anayesimulia filamu za Wamarekani, Wachina na Wahindi kwa Kiswahili na Sheng huku akiongeza chumvi na pilipili zake. Kwa mdomo wa DJ Afro, Jackie Chan alisikika kama jamaa wa Kawangware aliyekuja kudai deni lake. Nampenda DJ Afro hadi leo, na mtu asije akaniambia kwamba baada ya kukaa chuo miaka miwili nimejifanya msomi. Hata hiyo miwili yenyewe sikuimaliza, karo iliniishia nikarudi mtaani.

Nasema haya ili ujue unasoma maneno ya nani. Mimi si mhakiki wa filamu. Sijui jina la lenzi hata moja. Mimi ni mtazamaji wa jioni, yule anayefungua muvi akila, na mara nyingi hulala kabla haijafika katikati. Muvi ambazo sijawahi kulala ndani yake ni za aina moja tu: zile zinazouma. Zile ambazo watu wanazungumza kama watu, wanalia vibaya huku kamasi zikiwatoka, na hakuna anayetokea moshini akijipangusa vumbi.

Ya kwanza niliiona palepale kibandani. Nilikuwa darasa la nane, na mwenye kibanda alikuwa ameandika kwa chaki nje: NAIROBI HALF LIFE, MUVI YA HAPA. Tulijaa. Sisi watoto tulikuwa tumezoea kwamba muvi hutoka ng'ambo, kama mitumba. Kusikia ati kuna ya hapa ilikuwa kama kuambiwa jirani yako yuko kwenye noti ya shilingi mia.

Kama hujaiona, hadithi ni hii. Mwas, ambaye ni Joseph Wairimu, ni kijana wa mashambani anayeuza nakala za filamu na kuigiza vipande vya mapigano barabarani ili wateja wanunue. Anataka kuwa mwigizaji. Anashuka Nairobi na mzigo wa jamaa yake, na kabla hajajua kushoto ni wapi, wameshamwibia kila kitu. Analala seli, anasafishishwa choo cha huko, na humo ndimo anakutana na Oti, aliyeigizwa na marehemu Olwenya Maina, aliyetuacha 2022. Oti anamwingiza kwenye genge linalong'oa vipuri vya magari. Mchana Mwas anafanya mazoezi ya tamthilia na watu wenye Kiingereza cha puani, usiku anaiba taa za gari. Iliongozwa na David "Tosh" Gitonga, ikatoka 2012, ikawa filamu ya kwanza ambayo Kenya iliituma kuwania Oscar ya filamu za lugha za kigeni. Wairimu alitunukiwa kuwa mwigizaji bora katika tamasha la Durban mwaka huohuo.

Mwanzoni tulicheka sana. Mwas ni mcheshi, na ile lugha ilikuwa yetu, hakuna aliyehitaji kutafsiriwa. Mwenye kibanda alijaribu kusimulia juu yake kama DJ Afro, tukamzomea anyamaze. Halafu kidogo kidogo kibanda kikaanza kunyamaza. Sijawahi kusikia kimya kile humo ndani, hata Arsenal ilipofungwa nane na Manchester United. Polisi walipowashika wale vijana na kuwapeleka mahali ambapo kila mtu kibandani alijua kinachofuata, hakuna aliyesema "stelingi hafi".

Jamaa mmoja aliinuka akatoka. Alikuwa fundi wa viatu, mtu mpole, aliyekuwa akitushonea viatu vya shule kwa mkopo. Alikuwa na mdogo wake aliyepigwa risasi miaka michache kabla ya hapo. Kila mtu mtaani alijua, na kila mtu alikuwa amekubali bila kikao kwamba jambo hilo halitajwi. Filamu ilipoisha tulimkuta nje, amesimama na sigara. Mwenye kibanda akamuuliza kama haikumpendeza. Akajibu: "Mimi nimelipa kumi nione muvi. Sikulipa nione nyumbani."

Nimeishi na jibu hilo zaidi ya miaka kumi sasa. Ndilo swali lote, kusema kweli. Kwa nini mtu anayeishi kwenye shida alipe kuiona tena usiku? Wenzangu wengi hapa wanasema yale ya fundi kwa maneno yao. Mmoja ni wa mjengo, anabeba zege kutwa nzima, jioni anataka magari yanayoruka na mademu wa Hollywood, basi. Siwezi kumlaumu. Mgongo wake ukimuuma, wa nini tena wa kwenye skrini?

Na kuna lawama nyingine ambayo ni nzito zaidi: kwamba filamu hizi zinauza umaskini wetu kwa wageni. Hapa Kibera tunalijua hilo kuliko mtu yeyote. Kamera zimepita hapa kama mvua ya masika. The Constant Gardener ya 2005 ilipigwa hapahapa, na Rachel Weisz akaondoka na Oscar. Niliitazama nikiwa mkubwa. Si filamu mbaya, ina hasira ya kweli juu ya kampuni za dawa. Lakini sisi humo ndani ni kama mandhari. Tuko nyuma ya mzungu, tumejaa, tuna rangi nzuri, watoto wanapiga kelele zile za "hawayu". Hakuna mmoja wetu ambaye filamu inamfuata hadi kwake, ikakaa naye akivua viatu.

Sasa linganisha na Soul Boy, iliyotoka 2010, ya Hawa Essuman, iliyoandikwa na Billy Kahora. Nayo ilipigwa Kibera, na watoto wa Kibera. Abila, kijana wa miaka kumi na minne, anaamka asubuhi anamkuta baba yake hoi, anasema roho yake imeibiwa. Abila anaenda kumtafuta yule mwanamke wa kishirikina aliyeichukua, anapewa majukumu saba, anakimbia vichochoro vyote hivi akisaidiwa na msichana anayeitwa Shiku. Haifiki hata saa moja na nusu. Utaniambia hiyo ni hadithi ya majini, uhalisia uko wapi? Nami nitakwambia uko kwenye uso wa yule baba. Nimewaona wanaume wenye uso ule. Pombe, kamari, kazi iliyokatika, sijui, lakini mtu yuko hapo kitandani na hayuko. Mtoto wa Kibera hahitaji kufafanuliwa maana ya baba aliyeibiwa roho.

Tofauti basi si kama umaskini umeonyeshwa au la. Matope ni yaleyale. Tofauti ni kama filamu inamjua mtu aliyesimama kwenye matope hayo.

Lazima niseme jambo moja hapa ambalo hunichekesha na kuniuma. Soul Boy, Nairobi Half Life, Something Necessary, Kati Kati, Supa Modo, zote zimetoka kwenye mpango mmoja: One Fine Day Films ya Mjerumani Tom Tykwer na mwenzake Marie Steinmann, pamoja na Ginger Ink ya hapa Nairobi. Wanafanya warsha, vijana wa Afrika wanafunzwa kazi na watu wa fani, halafu filamu inatengenezwa. Wazo zuri kabisa, na wanaoongoza na kuandika ni watu wetu. Lakini ona, kwa miaka yote hiyo, pesa za kutusimulia machozi yetu zikawa zinatoka Ujerumani. Sisi wenyewe tuna pesa za kampeni na helikopta.

Halafu zikishatengenezwa zinapotelea wapi? Sinema zinaonyesha wiki moja au mbili, tikiti inamla mtu wa hapa nauli na chakula, kisha kimya. Rafiki ya Wanuri Kahiu ilipigwa marufuku nchini 2018, mwaka uleule ilipokuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kuonyeshwa Cannes, kwa sababu wasichana wawili wanapendana humo. Mahakama Kuu ikafungua dirisha la siku saba mwezi wa Septemba, na kumbi zikajaa. Una maoni yako kuhusu filamu hiyo, baki nayo, mimi sibishani. Ninachoshangaa ni kwamba muvi ya mtu kukatwa shingo kila dakika tano inauzwa stejini kwa bei ya chapati mbili na hakuna bodi inayoshtuka.

Nisikupoteze. Nilikuwa nataka kukwambia jinsi nilivyojua kwamba ugonjwa huu wangu wa muvi zinazouma si wa Kenya pekee. Nilipoacha chuo nilikaa nyumbani miezi mingi bila kazi. Usiku bando za bei nafuu zikiingia nilikuwa natazama chochote. Usiku mmoja nikaangukia filamu ya Kiitaliano ya 1948, nyeusi na nyeupe, Bicycle Thieves ya Vittorio De Sica. Nikasema dakika tano tu, nilale.

Baba mmoja Roma, baada ya vita, amepata kazi ya kubandika mabango. Kazi inataka baiskeli. Mkewe anaweka shuka za nyumbani rehani ili baiskeli ikombolewe. Siku ya kwanza kazini, inaibiwa. Basi. Hiyo ndiyo filamu nzima: mtu na mtoto wake mdogo wanatembea mjini wakitafuta baiskeli. Aliyeigiza baba, Lamberto Maggiorani, hakuwa mwigizaji, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani. Na unamwamini kila hatua.

Unajua kwa nini sikulala? Ploti yetu kuna jamaa wa boda boda aliyechukua pikipiki kwa mkopo. Mwezi wa tano wa kulipa, akapewa kazi ya kumpeleka mteja usiku, mteja hakuwa mteja. Alirudi kwa miguu, ameshika helmeti. Kwa wiki mbili alizunguka Kangemi, Kawangware, Dagoretti, kila gereji, akiangalia namba za injini, na mtoto wake wa kiume akifuatana naye Jumamosi kwa sababu hakuwa na wa kumwachia. Hakuipata. Mkopo aliendelea kuulipa, wa pikipiki anayoendesha mtu mwingine. Sasa mimi niko kitandani saa nane usiku natazama Mtaliano wa 1948 akifanya jambo lilelile, na nikifika pale ambapo baba anaangalia baiskeli ya mtu mwingine imeegeshwa peke yake, na mtoto wake yuko karibu, nikashika mdomo. Sitasema kinachofuata. Itafute.

Tsotsi nayo ilinifanyia hivyo, ya Afrika Kusini, iliyoshinda Oscar ya filamu ya kigeni 2006. Ile ni ya Johannesburg, kwenye Soweto ile kubwa ambayo mtaa wetu umeazima jina. Mhuni anaiba gari, anakuta mtoto mchanga kiti cha nyuma. Naikumbuka zaidi mikono yake akijaribu kumbadilisha mtoto nepi kwa gazeti.

Kuna moja ambayo sijaimaliza hadi leo, na sioni aibu kusema. Something Necessary ya Judy Kibinge, ya 2013. Ni ya muuguzi anayeitwa Anne, aliyevamiwa shambani kwake wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007, mume akauawa, na anajaribu kujenga upya. Upande wa pili kuna Joseph, kijana aliyekuwa kwenye kundi lile, na anatafuta namna ya kulipa alichofanya. Nilifika katikati nikafunga. Nilikuwa na miaka minane vurugu zile zilipofika kwetu. Nakumbuka moshi, nakumbuka reli ikiwa imeng'olewa na watu wazima wakiishangilia, na namkumbuka rafiki yangu wa kucheza mpira wa karatasi ambaye familia yake ilihama usiku, na hatukuwahi kuambiwa wamekwenda wapi. Upande wa Joseph ndio ulionishinda, si wa Anne. Kwa sababu akina Joseph walikuwa ni makaka zetu wakubwa. Wengine wako hapahapa, wana watoto, tunasalimiana asubuhi. Nikiimaliza nitawaambia.

Lakini filamu iliyonifanya niandike haya ni nyingine, nayo ina mambo ya nyumbani. Nilimwomba mathee ruhusa kabla ya kuandika. Akasema, "Andika, lakini usiweke jina."

Mdogo wangu wa kike, kitinda mimba wetu, alikuwa na selimundu. Alikuwa mtu wa kuingia na kutoka hospitalini. Alipenda kibanda cha video kuliko mimi, alikuwa anakaa kwenye mapaja yangu ili asilipe. Mara ya mwisho alipolazwa, mwaka wa 2011, alikuwa na miaka saba. Jioni moja mathee alitoka kwenda kutafuta maji ya moto, tukabaki wawili. Akaniuliza kama atakufa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, ningejibu nini? Nikamwambia: wewe ndiye stelingi. Na stelingi hafi.

Alikufa baada ya siku tisa. Hilo neno sikumwambia mtu yeyote. Nililibeba kama mwizi. Nilijiona nilimdanganya mtoto, tena kwa sheria ya kibanda cha video.

Basi 2018 inatoka Supa Modo ya Likarion Wainaina. Ilifunguliwa tamasha la Berlin, ikaja ikawa filamu iliyotumwa na Kenya kuwania Oscar. Mimi niliipata miaka kadhaa baadaye kwenye laptopu ya kuazima, bila kujua inahusu nini, nikajua tu ni ya hapa. Ilikuwa Jumapili, mvua, stima ipo. Mathee alikuwa anachambua maharagwe. Nikamwambia njoo tutazame.

Jo, anayeigizwa na Stycie Waweru, ana miaka tisa na ni mgonjwa wa kufa. Mamake anamtoa hospitalini amrudishe nyumbani. Jo anapenda Jackie Chan na mashujaa wanaoruka. Dada yake mkubwa, Mwix, anaamua kumfanya aamini kwamba naye ana nguvu za ajabu, na polepole kijiji kizima kinaingizwa kwenye ule uongo. Kuna hata jamaa wa kibanda cha video, Mike, anayesimulia filamu kwa mbwembwe mbele ya watoto. Baadaye kijiji kinaamua kutengeneza filamu yao wenyewe, Jo akiwa shujaa.

Ndani ya dakika ishirini nilijua nimefanya kosa. Nilinyoosha mkono kuizima. Mathee akasema, bila kunitazama, "Wacha."

Ninachoipendea filamu ile ni kwamba haimfanyi mama kuwa malaika. Marianne Nungo anamwigiza akiwa amechoka, mkali, anamkatalia Mwix michezo yake kwa sababu yeye ndiye anayejua usiku ulivyo. Hakuna muziki wa kukulazimisha ulie kila mara mama akigeuka. Anafanya kazi zake. Unamwona anashika kitu jikoni na unajua. Mathee aliacha maharagwe. Kuna wakati alitoa sauti ndogo, si kilio, ni kama mtu aliyekanyaga msumari akajizuia.

Jo anakufa. Siharibu chochote kwa kukwambia, filamu yenyewe haikufichi.

Ilipoisha mvua ilikuwa bado inapiga mabati, kwa hiyo tulinyamaza bila kuonekana tumenyamaza. Halafu mathee akauliza, "Ni wewe uliyemwambia mtoto yale mambo ya stelingi?"

Miaka kumi. Nikasema ndiyo, mama.

"Alikataa sindano siku nzima," akasema. "Nesi anakuja, anamwambia stelingi hafi, sindano ni ya nini. Nilitaka kukuchapa. Nilikuwa sijui hayo maneno ameyatoa wapi, nikadhani ni ya Shule ya Jumapili."

Akaanza kucheka. Alicheka hadi akajishika ubavu, na mimi nikacheka, na katikati ya kicheko ikawa kitu kingine, na jirani wa ukuta wa pili akagonga mabati akiuliza kama tuko sawa. Usiku ule aliniambia mambo ya wadi ile ambayo sikuwahi kuyasikia. Jinsi alivyokuwa akiimbiwa. Alivyotaka apelekewe mandazi ya yule mama wa kibandani, na daktari akaruhusu. Jina lake lilitajwa nyumbani kwetu mara nyingi siku ile kuliko miaka yote iliyotangulia.

Nimemfikiria fundi wa viatu mara nyingi tangu siku hiyo. Alihama, nasikia yuko Kawangware. Sidhani alikosea kutoka nje. Pengine ilikuwa mapema mno kwake, au pengine kulikuwa na watu wengi mno mle ndani, watoto kama sisi tuliojua habari yake na kumwangalia shingoni. Mathee na mimi tulikuwa wawili, na maharagwe.

Mjengo bado anacheka muvi zangu, anaziita muvi za matanga. Jumamosi iliyopita alikuja kuchaji simu akakuta tunatafuta ya kutazama, akakaa mlangoni ati anangoja asilimia hamsini.

Mathee akauliza kama bado ninayo ile ya mtoto wa hapa Kibera, ya baba aliyeibiwa roho. Nikasema ninayo. Akavuta kiti, akaniuliza kama katika hiyo stelingi anakufa.

Nikamwambia simwambii.